Seli ya Tatu ya Betri Namba Tisa

Habari za kifo cha Kaka Mhina zilinikuta jikoni, nikisubiri maji ya chai yachemke. Aliyepiga simu ni mkewe. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Mhina ametangulia, ni presha, na kwamba watamzika kesho baada ya adhuhuri huko kwao Handeni. Nikampa pole, nikamuuliza barabara ikoje kwa mvua hizi, nikazima jiko. Kesho yake nilipanda basi asubuhi kutoka Korogwe, nikafika mapema, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, nikala wali na maharage niliyopewa kwenye sahani ya plastiki, na muda wote ule sikuhisi kitu. Si kwamba nilijikaza. Nilitafuta huzuni ndani yangu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, nikakuta mahali pake pako wazi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikamwambia tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, Korogwe, kazi ya kuchaji betri. "Za simu?" akauliza. Nikasema, "Hapana, mama. Za ndege." Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama unavyomwitikia mfiwa aliyechanganyikiwa. Ndani ya basi la kurudi niliona jibu lile halikutosha, na kwamba baada ya Mhina hakuna mwingine atakayelitoa vizuri zaidi. Ndiyo maana nauandika mwaka huo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme. Kulikuwa na mradi wa majaribio uliopeleka damu na dawa milimani kwa droni, kutoka Korogwe mjini hadi vituo vya afya ambako gari hupata tabu kufika wakati wa masika. Watu wa mtaani waliziita vindege. Tulikuwa watatu tu kituoni. Bwana Kaaya, mtu wa Arusha, alikuwa mkuu wetu na ndiye aliyezirusha. Mhina, Mzigua wa Handeni, fundi aliyesomea kazi yake, alishughulika na mitambo yote. Mimi, Veronika, niliajiriwa kuchaji betri, na Mhina ndiye aliyepewa kunifundisha. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na tano hivi. Tangu siku ya kwanza aliniita mdogo wangu, na mimi nikamwita kaka, na hatukubadilisha hata miaka mingi baadaye tulipokuwa tukikutana stendi kwa bahati na kusalimiana tumesimama.

Mradi ulipanga nyumba karibu na reli. Chumba cha kuchajia kilikuwa cha mwisho, sakafu ya saruji, meza ya saruji, sanduku la chuma, ndoo mbili za mchanga na dirisha lisilo na pazia, kwa sababu Mhina hakutaka kitu chochote cha kuungua mle ndani. Dirisha lile lilitazama uani kwa Bibi Mwanahawa, mwenye nyumba, ambaye pia alitupikia. Siku nyingi ilikuwa makande, siku nyingine bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti natazama namba za chaja zikipanda, huku nikisikia kila linalosemwa uani. Siku moja jirani yake alimuuliza, "Huyu binti humo ndani anafanya nini kutwa?" Bibi Mwanahawa akamjibu, "Anaangalia namba." "Namba za nini?" "Namba tu. Zikilingana anatoka kuja kula." Sijawahi kusikia mtu akiieleza kazi ile vizuri zaidi ya hapo.

Betri zetu zilikuwa na seli sita kila moja, zimefungwa pamoja kama matofali ya sabuni ndani ya ngozi laini ya plastiki. Kila seli ikijaa inatakiwa isimame volti nne nukta mbili. Chaja inazitazama zote sita kupitia plagi ndogo nyeupe yenye nyaya nyembamba, na kazi yake ni kuhakikisha zinapanda sambamba. Moja ikizidi, inaweza kuvimba na kushika moto. Moja ikibaki nyuma, betri nzima inaonekana imejaa lakini haijajaa, na droni ikiwa angani inazimika pale seli ile dhaifu inapokata tamaa, hata kama nyingine zote zina nguvu. Mambo haya Mhina alinifundisha kwa mkono, maneno alikuwa nayo machache. Mara ya kwanza nilipoona seli moja imebaki nyuma, nilimwita nikamwambia betri imekufa. Akaniuliza, "Nani kakwambia?" Nikasema chaja. Akasema, "Chaja naye ni shahidi tu, mdogo wangu. Mashahidi wengine umewahoji?"

Akachukua mita, akapima seli ile moja kwa moja kwenye plagi. Mita ikasema iko sawa na wenzake. Akaihamishia betri kwenye chaja nyingine, na namba zote zikalingana. Akarudi kwenye ile chaja ya kwanza na betri tofauti kabisa, na seli ya nafasi ileile ikaonekana imebaki nyuma. Hapo hata mimi nikaelewa kwamba kosa lilikuwa la chaja, na betri ilikuwa nzima. Tukafungua tundu lake, tukakuta kutu ya kijani kwenye pini moja, tukaisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, ikawa basi. Ndivyo tulivyofanya mwaka mzima. Kwanza unapima kwa mita. Halafu unabadilisha chaja, unabadilisha waya, unachaji upya kwa umeme mdogo, taratibu, unaiacha ipumzike, unapima tena. Ukishamaliza kuwaondoa wote wasiohusika ndipo unaruhusiwa kuilaumu seli yenyewe. Leo nafundisha umeme, na kila mwaka napata wanafunzi wanaotaka kulaumu kwanza na kupima baadaye. Nawaambia yale yale. Wananiona baridi, na pengine wana haki.

Betri namba tisa ilianza kutusumbua masika yalipokaribia. Seli yake ya tatu ilikuwa ikichelewa. Tukahoji mashahidi wote: mita ikakubaliana na chaja, chaja ya pili ikakubaliana na ya kwanza, pini zilikuwa safi, waya mzima. Tukaichaji taratibu, zikalingana zote sita. Asubuhi yake, ile seli ya tatu ilikuwa imeshuka yenyewe, bila kazi yoyote. Mhina akaipapasa ngozi yake kwa kidole gumba, kama unavyopapasa parachichi, akasema haijavimba lakini ndani imechoka. Akaichora msalaba kwa kalamu nyekundu na kuiweka pembeni. Nyingine mbili zilikuwa zimeshavimba na kutolewa, na mpya zilikuwa zimekwama bandarini. Bwana Kaaya alikuwa akipiga simu kila siku kuzifuatilia. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane hivyo.

Mvua zilipochanganya, kipande cha barabara ya kupanda Vugiri kikaporomoka. Siku ile asubuhi droni ilikuwa imepeleka dawa upande wa Magoma, na betri mbili nzuri zilikuwa zimerudi tupu, ndiyo kwanza nimeziweka kwenye chaja. Baada ya chakula cha mchana muuguzi wa kituo cha Vugiri akapiga simu. Kuna mama amejifungua salama, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Alihitaji chupa mbili za damu. Bwana Kaaya aliingia chumba cha kuchajia na simu bado iko mkononi.

"Mhina, nipe betri. Kuna mama anatoka damu kule juu."

"Nimesikia, mkuu. Nzima ninayo moja tu. Hizi mbili zinahitaji saa moja na zaidi."

Droni yetu haikuruka kwa betri moja. Ilikuwa lazima ziwe mbili, na kupanda mlima ule kulizikamua zote.

"Na ile?" Bwana Kaaya akaonyesha namba tisa. "Veronika, iko kiasi gani?"

Nikapima. "Imejaa," nikasema, kwa sababu ndivyo mita ilivyosema.

"Imejaa ikiwa imekaa," Mhina akasema. "Njoo uione ikifanya kazi."

Tulikuwa na taa mbili za lori tulizozitumia kupimia betri chini ya mzigo. Mhina akaziunganisha, nami nikaishika mita kwenye seli ya tatu. Taa zikawaka nyeupe, ukuta mzima ukang'aa. Namba ikaanza kushuka. Seli nyingine zilishuka kidogo na kutulia, kama inavyotakiwa. Ya tatu haikutulia. Ilipita tatu na nusu, ikapita tatu, na taa zilikuwa hazijapata hata joto. Mhina akazizima.

"Na mlima wote uko mbele yake," akasema.

"Inaweza ikafika," Bwana Kaaya akasema.

"Inaweza. Na inaweza ikaangukia msituni na damu yenyewe. Chupa tulizonazo ni hizi mbili."

Bwana Kaaya alinitazama mimi, sijui kwa nini. Labda alitaka mtu wa tatu aseme. Nikarudisha mita mezani. Mhina ndiye aliyekata shauri: yeye angechukua chupa moja na kwenda kwa pikipiki hadi barabara ilipoporomoka, avuke pale kwa miguu, apande. Chupa nyingine ingesubiri betri mbili zile zijae, iende kwa hewa. Bwana Kaaya akakubali. Mhina akafunga sanduku la barafu kwa mpira nyuma ya pikipiki, akaondoka mvua ikimpiga. Nami nikarudi kwenye kiti changu kutazama namba.

Saa ile ndiyo ninayoijua kuliko saa zote za maisha yangu, na sina cha kusema juu yake. Namba zilipanda kama zinavyopanda siku zote. Ungeweza kuongeza umeme kidogo ziharakike, na niliongeza, hadi pale Mhina aliponiambia nisipite. Bwana Kaaya alikuwa mlangoni, anatoka, anarudi. Uani Bibi Mwanahawa alikuwa akimwambia mtu kwamba kuni zimelowa zote, leo watu watakula kwa kuchelewa. Zilipojaa tukazifunga, droni ikapaa juu ya uwanja, ikaingia mawinguni. Ikafika. Ndiyo, ilifika vizuri kabisa, ikashusha sanduku mahali pake. Muuguzi akapiga simu kusema ameipokea. Kisha akasema mama ametangulia kitambo kidogo kabla haijafika. Mhina alitokea pale kituo cha Vugiri baadaye, tope hadi kiunoni, na chupa yake haijapata hata joto.

Nilitoka nikaenda kula. Makande yalikuwa yametiwa nazi siku ile, nayakumbuka. Nilimaliza sahani yote. Bibi Mwanahawa akaniuliza kama niongezwe, nikasema ndiyo. Tangu hapo nikawa hivyo, na sehemu kubwa ya mwaka ule niliyoibakiza kichwani ni vitu: mchanga kwenye ndoo, harufu ya spiriti, mlio wa chaja ikimaliza. Watu walikuwa wakinisemesha, nawajibu vizuri tu, na wakiondoka siwezi kukumbuka tuliongea nini. Sikulia. Sikuota. Betri mpya zikaja, tukaendelea na kazi, na damu ikafika kwa wengine. Kuna waliopona. Nao pia sikuhisi kitu kwa ajili yao, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko lile la kwanza.

Matanga yalipokwisha, mume wa yule mama akashuka mjini. Bwana Kaaya alikuwa Tanga kikazi. Bibi Mwanahawa ndiye aliyemleta hadi mlangoni, akatuambia, "Mna mgeni, huyu ni mfiwa wa Vugiri," akaondoka bila kuongeza neno. Alikuwa kijana tu, hajazidi miaka thelathini, amevaa koti kubwa la sufu la watu wa milimani ingawa mjini palikuwa na joto. Akasema anaitwa Shemweta. Tulimpa kiti changu. Alikitazama chumba, chaja, meza, ndoo za mchanga.

"Muuguzi aliniambia ndege ilikuwepo siku ile," akasema. "Nimekuja kuuliza. Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo," Mhina akasema.

"Mbovu?"

"Ndege nzima. Betri moja ilikuwa mbovu."

"Iko wapi?"

Nilidhani Mhina angemwambia imeshatupwa. Badala yake akafungua sanduku la chuma, akatoa namba tisa na msalaba wake mwekundu, akaiweka mezani mbele yake. Akamweleza kila kitu, bila kuyapamba na bila kuyafanya rahisi mno: seli sita, plagi nyeupe, ile ya tatu. Kisha akaunganisha taa za lori na kuniomba nishike mita. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Taa zikawaka. Nikamsomea Shemweta namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, jinsi zilivyokuwa zikishuka. Alisogeza kichwa karibu na mita hadi nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye koti lake.

"Na hizi tano?" akauliza.

"Tano ni nzima."

"Tano haziwezi kuibeba moja?"

"Haziwezi," Mhina akasema. "Umeme wao unapita humo humo ndani yake. Yeye akishindwa, wote wameshindwa."

Taa zilikuwa zimefifia, zimekuwa njano. Mhina akazizima.

"Kwa hiyo mngeituma ingeanguka," Shemweta akasema.

Nilijua anachoomba. Alikuwa ametembea kutoka milimani kuja kuomba neno moja tu, ndiyo, alichukue arudi nalo nyumbani, alale. Nami ningempa. Nilishafungua mdomo. Mhina akawahi.

"Sijui," akasema. "Nilifikiri ingeanguka, ndiyo maana nikaizuia. Hata leo ningeizuia. Lakini kama unaniuliza ninachokijua, sijui. Pengine ingefika."

Nilimchukia wakati ule. Hiyo ndiyo hisia pekee ninayoikumbuka vizuri katika miezi ile, na ilikuwa kali kama kugusa waya. Shemweta alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kule juu kila mtu ananiambia anajua. Wa kanisani wanajua, mashemeji wanajua, muuguzi anajua." Hakumaliza. Bibi Mwanahawa akaingia na sahani tatu za chakula, akatukaribisha, tukala wote, mikono tukinawia bakuli moja. Mgeni alikula kidogo. Alipoondoka alimpa Mhina mkono, akanipa na mimi.

Miezi ya mwisho ya mwaka mradi ukafungwa, kama miradi ya majaribio inavyofungwa. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa kuziua betri zote. Tulizimaliza nguvu kwa taa zile, moja moja, tukazizamisha kwenye maji ya chumvi, tukakata nyaya. Nilimsindikiza Mhina stendi, anarudi Handeni kufungua karakana yake. Alinunua machungwa, tukala tumekaa juu ya begi lake. Nikamwambia kile nilichokuwa nimekibeba: kwamba siku ile angeweza kumdanganya yule mtu, na isingemgharimu kitu.

"Ningeweza," akasema. "Halafu siku moja angekutana na fundi mwingine, akamweleza, na huyo akamwambia kwamba inawezekana ingefika. Angempoteza mkewe mara ya pili, na mara hiyo tungekuwa sisi tuliompotezea." Akatema mbegu. "Kinachonisumbua mimi ni kingine. Nimemwonyesha waya, nimemwonyesha mita, nimemwonyesha taa. Mkewe alikuwa anaitwa nani, mdogo wangu?"

Sikujua. Tangu siku ile tulikuwa tunasema mgonjwa wa Vugiri. Basi la Handeni likapiga honi, akapanda, akanipungia kupitia dirishani na chungwa mkononi.

Nilikuwa nimeshafungasha kwenda kwetu. Kesho yake nikaacha mizigo kwa Bibi Mwanahawa, nikachukua bodaboda kupanda Vugiri. Barabara ilikuwa imetengenezwa. Nikaulizia nyumbani kwa Shemweta, nikaelekezwa shambani, nikamkuta anapalilia tangawizi. Kando ya shamba dadake alikuwa amekaa juu ya gogo na mtoto mgongoni, amelala, kichwa kimeangukia upande. Nikamwamkia dada. Shemweta aliponiona akanyooka, akashika mpini wa jembe kwa mikono yote miwili.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Tumefunga kazi, nakwenda kwetu. Nimekuja kuuliza mkeo alikuwa anaitwa nani. Hatukukuuliza."

Aliangalia chini, kwenye mstari aliokuwa akiupalilia. Nilifikiri nimemkosea. Dadake akaacha kumbembeleza mtoto.

"Yusta," akasema.

Akangoja, kama anataka kuhakikisha nimelishika.

"Yusta," nikasema.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo."